Kiwanja Kimoja cha Durban, na Swali la Nani Anapewa Muda

Tarehe 14 Machi 1939, mjini Durban, Afrika Kusini, mechi ya kriketi ilivunjwa bila mshindi kwa sababu ambayo kila nikiisimulia watu hudhani natania: meli ilikuwa inaondoka. Uingereza na Afrika Kusini zilianza kucheza tarehe 3. Hesabu mwenyewe: Jumapili mbili za mapumziko, siku moja iliyoliwa nzima na mvua, na siku 9 za mchezo. Uingereza ilitakiwa ifikishe mikimbio 696 ili ishinde. Ilikuwa imefika 654, na ilikuwa bado na wapigaji wa kutosha. Imebaki mikimbio 42 tu, mvua ikanyesha tena. Waingereza wakafungasha, wakapanda treni ya kwenda Cape Town, safari ya siku mbili, wakaiwahi meli ya kuwarudisha kwao.

Kiwanja hicho kinaitwa Kingsmead. Nakitaja mapema kwa sababu tutarudi hapo, na kila tukirudi mchezo utakuwa umefupishwa zaidi. Nimesikia mabishano mengi kuhusu kriketi ndefu na kriketi fupi, na karibu yote huishia kuwa ugomvi wa wazee na vijana. Wazee wanasema vijana hawana subira. Vijana wanasema wazee hawana kazi ya kufanya. Nikiisoma historia ya mchezo wenyewe, naona swali jingine kabisa: nani amepewa muda, na nani amenyimwa.

Kwa msomaji ambaye kriketi kwake ni watu waliovaa nyeupe wakisimama juani, hebu tuelewane kwanza. Timu moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka. Wapigaji wawili wakibadilishana nafasi kwa kukimbia, hapo umepatikana mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa kiwanja ni mikimbio 4. Ukivuka juu kwa juu bila kugusa chini, ni 6. Mpigaji akitolewa, hiyo ni wiketi, na wiketi 10 zikianguka zamu ya timu imekwisha. Mipira 6 ni ova moja. Katika mechi ndefu, yaani Testi, kila timu ina zamu mbili, na mechi hupewa siku tano. Katika kriketi ya siku moja kila timu ina zamu moja ya ova 50. Katika T20 ni ova 20 tu, na baada ya saa tatu na ushei watu wanarudi nyumbani.

Watetezi wa Testi huiita kriketi ya asili, kana kwamba ilishushwa ikiwa hivi ilivyo. Haikushushwa. Testi ya kwanza ilichezwa Melbourne Machi 1877. Kwa miongo mingi, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Testi zilizochezwa Australia ziliendelea mpaka mshindi apatikane, hata zikichukua siku ngapi, huku Uingereza kwenyewe mechi zikiwekewa siku maalumu. Ile ya Durban ndiyo ikawa ya mwisho isiyo na kikomo. Siku tano zilizoeleka baadaye. Kwa hiyo hata hiki kinachoitwa cha asili ni kifupisho cha kitu kilichokuwa kirefu zaidi.

Na kuna jambo ambalo masimulizi matamu ya meli huliruka. Timu ya Afrika Kusini mwaka ule ilikuwa ya Wazungu peke yao. Durban ni mji wenye watu wengi wenye asili ya India, ambao wazee wao waliletwa karne ya 19 kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Nao walicheza kriketi, lakini katika vyama vyao na viwanja vyao, mbali na jezi ya taifa. Siku 9 za Kingsmead zilikuwa siku za watu waliokuwa na nafasi ya kukaa siku 9, na waliokuwa na ruhusa ya kuingia uwanjani.

Wala kriketi fupi haikuletwa na televisheni. Huko Uingereza, miaka mingi kabla T20 haijapata jina, wafanyakazi walikuwa wakicheza mechi za ova 20 jioni za kiangazi. Mtu anayetoka kiwandani saa kumi na moja hana siku tano za kumpa mtu yeyote; ana saa chache kabla ya giza. Mchezo wake ulikuwa mfupi kwa sababu siku yake ilikuwa imeshanunuliwa na mwenye kiwanda.

Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili jambo hili si geni kwetu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja, na mtunzi wake aliutunga kwa ajili ya sultani. Mtu wa kutunga kazi kama ile, na watu wa kuketi kuisikiliza mpaka mwisho, walipewa muda na watu wengine: kuna aliyelima, kuna aliyepika, kuna aliyeteka maji. Aliyekuwa jikoni hakukosa kipaji cha kutunga. Pengine alitunga wimbo wa kutwangia, mfupi, unaoisha pamoja na mtama kinuni. Tukizilinganisha kazi hizo mbili bila kutaja nani alikuwa na nafasi ya kukaa, tutakuwa tumehukumu nusu ya kesi.

Mwaka 1963 mambo mawili yalitokea Uingereza. Timu za majimbo zilianza kombe la mechi za siku moja zenye idadi maalumu ya ova, la kwanza la aina yake kwa ngazi hiyo. Na mwanafikra wa Trinidad, C. L. R. James, alitoa kitabu chake Beyond a Boundary. James aliipenda kriketi ndefu kama mtu anavyopenda mashairi ya kale, ila hakuacha kuuliza nani anaruhusiwa kufanya nini ndani yake. Alikuwa mmoja wa waliopiga kelele mpaka Frank Worrell akawa mtu mweusi wa kwanza kupewa unahodha wa West Indies kwa mfululizo mzima wa Testi. Nakitaja kitabu hiki kwa sababu kinatufundisha kupenda kitu na kukihoji kwa wakati mmoja.

Mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ilitokea kama kwa bahati. Melbourne, mvua iliharibu Testi ya Australia na Uingereza, na tarehe 5 Januari 1971 timu hizo zikacheza mechi ya siku moja ili mashabiki wasikose kabisa. Walijitokeza watu 46,000. Wenye mchezo wakaona fedha. Mwaka 1975 likaja Kombe la Dunia la kwanza, mjini London na miji mingine ya Uingereza, ova 60 kwa kila timu.

Hapo ndipo na sisi tunaingia. Miongoni mwa timu 8 za kombe lile kulikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Wengi walikuwa wenye asili ya Asia, lakini kati yao alikuwamo Mganda mmoja mrushaji ambaye wapenzi wa fasihi wanamfahamu kwa sababu nyingine: John Nagenda, aliyekuja kuandika riwaya ya The Seasons of Thomas Tebo. Tarehe 7 Juni 1975 alicheza dhidi ya New Zealand, akachukua wiketi moja. Mpinzani wake, Glenn Turner, alipiga mikimbio 171 bila kutolewa. Afrika Mashariki ilifungwa mechi zake zote tatu.

Siku hiyohiyo, uwanja wa Lord's, London, Sunil Gavaskar wa India alikuwa anafanya kituko kinachosimuliwa mpaka leo. Uingereza ilikuwa imefikisha mikimbio 334. Gavaskar, bingwa wa kriketi ndefu, alipiga kuanzia mwanzo mpaka ova 60 zikaisha, akacheza mipira 174, akapata mikimbio 36. Yaani alicheza mechi ya siku moja kama vile kuna kesho na keshokutwa. Mashabiki wa India walikasirika, na siwalaumu. Lakini naona pale mtu aliyelelewa katika muda mrefu akiwekwa ghafla katika muda mfupi, na mwili wake ukakataa kubadilika.

Wakenya wao walielekea upande wa pili. Hawakuwa na Testi, kwa hiyo mechi ya siku moja ndiyo ilikuwa dunia yao. Kriketi ililetwa na maafisa wa kikoloni, ikashika mizizi katika vilabu vya Wahindi, lakini kufikia miaka ya 1990 timu ya taifa ilibebwa na vijana Waafrika wa Nairobi, wengi wao ndugu kwa ndugu: kina Tikolo, kina Odumbe, kina Suji, kina Obuya. Tarehe 29 Februari 1996, Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies, timu iliyokuwa na Brian Lara. Lara alidakwa na mlinda wiketi Tariq Iqbal akiwa na 8. West Indies wote wakatolewa kwa 93. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15.

Miezi michache baadaye, Oktoba 1996, Nairobi Gymkhana ikashuhudia jambo jingine. Shahid Afridi, kijana wa Pakistan aliyekuwa hajawahi kushika gongo katika mechi ya kimataifa ya siku moja, aliipiga Sri Lanka mikimbio 100 kwa mipira 37. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 17. Kama kuna mtu anatafuta mahali ambapo kriketi fupi ilionja ladha ya kile kitakachokuja, Nairobi ina haki ya kutajwa.

Kisha 2003. Kombe la Dunia lilifanyika Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, Kenya ikapewa pointi. Watu wanaopenda kuidogosha Kenya husimamia hapo hapo. Wanasahau kwamba tarehe 24 Februari, Nairobi, Kenya iliifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi 5. Kwamba iliifunga Bangladesh. Kwamba iliifunga Zimbabwe. Nchi mbili za mwisho, pamoja na Sri Lanka, zote zilikuwa na hadhi ya Testi. Kenya haikuwa nayo.

Ikafika nusu fainali. Tarehe 20 Machi 2003, Kingsmead, Durban, chini ya taa za umeme. Kwenye kiwanja kile cha mwaka 1939 sasa Steve Tikolo aliongoza Waafrika na Waasia wa Kenya dhidi ya India, chini ya kocha Mhindi, Sandeep Patil. India ikapata 270, Sourav Ganguly akiwa na 111 bila kutolewa. Tikolo alipiga 56, Kenya ikaishia 179. Ilifungwa, lakini hakuna nchi nyingine isiyo ya Testi iliyowahi kufika hapo katika kombe la mechi za siku moja.

Hii ndiyo sababu siwezi kuungana na wanaoitukana kriketi fupi. Ndiyo iliyofungua mlango. Muda ukiwa mfupi, mnyonge ana nafasi: siku moja njema, daka moja la ajabu, ova tatu za mrushaji aliyeamka vizuri, mkubwa ameanguka. Katika siku tano mkubwa ana muda wa kuinuka na kujipanguza vumbi.

Lakini hebu tuangalie kilichofuata. Klabu ya Testi ni ya wachache. Tangu 1877 mpaka leo imeingiza nchi 12 tu. Sri Lanka iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1996 ikawa bingwa wa dunia. Bangladesh iliingia mwaka 2000, ikafungwa sana, ikaendelea kuchezeshwa. Kenya, baada ya nusu fainali, iliambiwa isubiri. Ndani ya nchi kukawa na migogoro ya uongozi na malipo ya wachezaji, na siwezi kuisingizia dunia makosa ya nyumbani. Ila mgeni aliyeachwa barazani muda mrefu naye huishia kugombana na wenziwe.

Miezi mitatu baada ya usiku ule wa Durban, Juni 2003, Uingereza ilianzisha kombe la T20 kwa timu za majimbo. Mwaka 2007 likaja Kombe la Dunia la T20 la kwanza, Afrika Kusini. Tarehe 12 Septemba Kenya ikarudi Kingsmead, ikacheza na New Zealand, wote wakatolewa kwa 73. Siku mbili baadaye, Johannesburg, Sri Lanka ileile iliyofungwa Nairobi ikaipiga Kenya mikimbio 260 kwa ova 20. Kilichokuwa kimempandisha mnyonge sasa kilimwanika mchana kweupe, mbele ya kamera.

Juma lililofuata, tarehe 19, hapohapo Kingsmead, Yuvraj Singh wa India alimpokea mrushaji wa Uingereza mwenye miaka 21, Stuart Broad, akaipiga mipira yote 6 ya ova moja nje ya mpaka, juu kwa juu. Mikimbio 36 kwa mipira 6. Ukiangalia uso wa Broad kwenye picha zile unaona mtu anayetamani ardhi ipasuke.

Broad huyo alistaafu mwaka 2023 akiwa na wiketi 604 za Testi, mmoja wa warushaji wakubwa wa historia. Hapa ndipo naona kiini cha jambo zima. Broad alikuwa na mahali pa kwenda na aibu yake. Kulikuwa na mechi za siku nne za jimbo lake, kulikuwa na Testi, kulikuwa na miaka 16 ya kurusha mpira asubuhi, mchana, na kesho yake tena, mpaka ile ova ikawa tanbihi tu katika maisha yake. Wakenya waliotolewa kwa 73 wiki moja kabla, kwenye nyasi zilezile, walikuwa na nini? Mechi fupi nyingine, ikipatikana. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hata hadhi ya mechi za siku moja.

Kriketi ndefu ina kitu ambacho hakipatikani penginepo, na mfano wangu ni Kolkata, Machi 2001. India ilikuwa nyuma kiasi kwamba Australia iliilazimisha ipige tena papo hapo. V. V. S. Laxman na Rahul Dravid wakapiga siku nzima ya nne bila yeyote kutolewa. Laxman akafika 281, Dravid 180, na India ikashinda kwa mikimbio 171. Siku mbili za kwanza India ilikuwa maiti. Mchezo wa saa tatu ungekuwa umeshaandika cheti cha kifo na kufunga ofisi.

Tangu ligi ya India ya T20 ilipoanza Aprili 2008, fedha zimehama. Haki za kuonyesha ligi hiyo kati ya 2023 na 2027 ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 6, kwa mashindano ya takriban miezi miwili kwa mwaka. Wapo waliofaidika hata katika nchi ndogo. Afghanistan ilipanda kwa kriketi fupi, ikapewa hadhi ya Testi mwaka 2017, ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024. Ni ushahidi kwamba njia ya kutoka kwenye kifupi kwenda kwenye kirefu ipo, mtu akikufungulia.

Katika kombe hilohilo la 2024 Uganda ilicheza kwa mara ya kwanza. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, aliyekuwa ameichezea nchi yake zaidi ya miaka 20, alirusha ova zake 4 dhidi ya Papua New Guinea akaruhusu mikimbio 4 tu, na wiketi 2 juu. Uganda ikashinda. Siku chache baadaye West Indies ikaitoa kwa 39. Na Oktoba mwaka huohuo, katika kiwanja cha Ruaraka, Nairobi, Zimbabwe iliipiga Gambia mikimbio 344 kwa ova 20, rekodi ya dunia, kisha Gambia ikatolewa kwa 54. Rekodi imewekwa Nairobi, wenyeji hawamo ndani yake kwa upande wowote.

Wahenga wetu waliacha methali za pande zote mbili, haraka haraka haina baraka na chelewa chelewa utakuta mwana si wako, kwa hiyo hawatatuamulia. Mimi nikiulizwa nichague, nitasema kijana wa Nairobi au Kampala apewe mechi za siku tatu au nne nyumbani, hata zisipohudhuriwa na mtu, kabla ya kupelekwa kwenye taa na muziki. Nsubuga alipata ova 4 za dunia kumtazama baada ya miaka zaidi ya 20 ya kurusha mpira. Mtu anayeweza kufanya vile kwa mipira 24, ningependa kujua angefanya nini siku ya nne, jua likiwa limekausha na kupasua kiwanja, na jioni bado iko mbali.